Miaka Yangu ya Kutazama Pete ya Kikapu

Siku yangu ya kwanza mezani sikuwa nimeitwa mezani. Niliajiriwa mapokezini katika ukumbi wa michezo pale Lozells, mtaa wetu wa Birmingham, nipokee simu, nitoe funguo za makabati na kuwakumbusha watoto wavue viatu vyenye tope. Jumamosi moja kulikuwa na mchezo wa mpira wa kikapu wa vijana, na mtu wa saa hakutokea. Meneja wa Ukumbi, mama mmoja mrefu aliyetembea siku zote kama anakimbilia treni, alinijia akaniuliza kama naweza kuhesabu kurudi nyuma. Nikamwambia nimelea watoto watatu katika nyumba yenye bafu moja, kwa hiyo kuhesabu kurudi nyuma ndiyo lugha yangu ya pili. Akanishika mkono, akanikalisha mbele ya kisanduku chenye vitufe, akaondoka.

Hiyo ndiyo elimu yangu ya awali. Nawaandikia ninyi vijana mnaojifunza kazi ya meza, maana kila tukikutana mnaniuliza swali lilelile: Bi Hodan, kwa nini uliinuka kwenye kiti mwaka uleule klabu ya mji wetu ilipoingia kwenye mashindano makubwa ya Ulaya? Kiti hicho nilikitamani nusu ya maisha yangu, na nyote mnajua. Nitawajibu, lakini mnivumilie, mimi huwa siendi moja kwa moja.

Kwanza tuelewane kuhusu meza yenyewe. Wanaopita huona watu wanne wamevaa kijivu wakadhani ni makarani wamepotea njia. Katikati hukaa karani wa alama, anayeandika pointi na faulo. Pembeni yake yupo msaidizi wake, anayezitamka kwa sauti ili zisikosewe. Yupo mtunza saa ya mchezo. Na ukingoni hukaa mwendesha saa ya mashambulizi, ambaye nilikuwa mimi. Timu ikishika mpira ina sekunde ishirini na nne za kurusha, na mpira lazima uguse pete, ile ya chuma inayoshika wavu. Ukigusa pete na washambuliaji wakaudaka tena, unawarudishia sekunde kumi na nne. Ukigusa ubao peke yake, hawapati kitu, saa inaendelea kuwala. Tofauti ya mpira uliogusa pete na uliopita pembeni yake ni nyembamba mno, na ukikosea, watu maelfu watakujulisha kwa pamoja.

Kwa hiyo anayeendesha saa hiyo haangalii wachezaji. Anaangalia pete. Nani amerusha, nani ameangushwa, nani amekasirika, hayo ni ya wengine. Mkuu wa Meza aliyenifundisha, mwalimu mstaafu mzaliwa wa Jamaika aliyeishi Great Barr, alinieleza siku ya kwanza aliponichukua kwenye ligi ya wakubwa.

"Hodan, watu wote humu ndani wamekuja kutazama watu," alisema. "Wewe umekuja kutazama chuma. Ukianza kutazama watu, rudi mapokezini."

Alikuwa na sheria nyingine: mezani hatupigi makofi. Hatucheki, hatusikitiki, hatuna timu. Mara moja nilijisahau. Kijana mfupi kuliko wote alifunga, na mikono yangu ikaanza sherehe bila kuniuliza. Mkuu wa Meza hakunigombeza. Alivua skafu yake ya kijivu, akanifunika nayo mikono kama anayefunika mandazi yasipoe. Sikurudia.

Kutoka Lozells nilipelekwa kwenye ligi ya wanawake, iliyochezwa katika jengo lililokuwa karakana kule Hockley. Majirani walikuwa bado wanafua vyuma, na milio ya nyundo ilinisumbua mpaka nikajifunza kuisikiliza pete katikati ya kelele, maana mpira ukiigusa hutoa sauti yake. Kutoka hapo nikapanda ligi ya taifa. Ukitaka cha mvunguni sharti uiname, na mimi niliinama hasa: Jumamosi na Jumapili, mvua na theluji, harusi za watu nikihudhuria kwa simu. Mwishowe nikafanya mtihani wa meza za Ulaya. Kamishna aliyekuja kutusimamia, mzee mkavu kutoka nchi za Baltiki, alikaa nyuma yangu mchezo mzima. Mwisho akamwambia Mkuu wa Meza maneno matatu au manne kisha akaenda zake.

"Amesema nini?" nikauliza.

"Amesema huyu mama hapepesi macho."

Nilifurahi sana. Nilitembea nayo ile sifa kama mkoba mpya. Sikufikiri kwamba macho yasiyobanduka kwenye pete yana kitu yanachokikosa.

Sasa nije kwa mwanangu. Liban ni kitinda mimba wangu, na alianza kucheza akiwa na miaka tisa, kwenye ukumbi uleule wa Lozells. Kwenye ligi za watoto meza huendeshwa na wazazi, na mzazi mwenye kujua kazi haachwi akakaa na wenzake kunywa chai. Nikawa naendesha saa kila anapocheza. Baba yake, Mungu amrehemu, alikuwa dereva wa basi, na zamu zake ziliangukia siku za michezo kama zimetumwa. Liban alipokua akaenda kucheza nje, miji midogo ya Uhispania, ya Ujerumani, ya Poland, na mimi mwisho wa wiki nilikuwa na meza zangu. Niliambiwa pointi zake kwa simu. Kwa hiyo mnielewe ninapowaambia kwamba nimehudhuria michezo isiyo na idadi ya mwanangu, na sijawahi kumwona akicheza.

Wala sikuwa najua kwamba sijamwona. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Mtu akiniuliza Liban anachezaje, nilijibu haraka: pointi nne, faulo tatu. Niliyapata kwa msaidizi wa karani aliyekuwa akitamka pembeni yangu. Moyoni niliamini mwanangu ni mchezaji wa kawaida tu mwenye bidii, na nikawa namwombea dua ya kumtuliza zaidi ya ile ya kumpandisha.

Klabu yetu ilipopata nafasi ya Ulaya, mji mzima ulichangamka. Mkuu wa Meza alinipigia kuniambia jina langu ni la kwanza kwenye saa ya mashambulizi, michezo yote ya nyumbani. Wiki hiyohiyo Liban naye akapiga simu.

"Hooyo, narudi home," alisema. Hooyo ni mama kwa Kisomali, na ndilo neno ambalo Birmingham haikufaulu kumnyang'anya. "Wamenisaini. One season tu, halafu I'm done. Magoti yamechoka kabisa."

"Unarudi kucheza hapa? Ulaya, hapa?"

"Hapa, Hooyo. Utakuja kuniona, sindiyo?"

Nilikaa kwenye ngazi nikalia kwa furaha, kisha nikiwa bado nimekaa palepale nikaikumbuka sheria. Mtu wa meza hatakiwi kuwa na uhusiano wowote na timu iliyo uwanjani. Ligi ya watoto wanafumba macho, lakini Ulaya hawana utani huo.

Na hapa niwaeleze jambo la kwetu. Mwanamke wa Kisomali akiolewa habadilishi jina. Anabaki na la baba yake na la babu yake mpaka kaburini, na watoto wanachukua ya baba yao. Kwenye karatasi mimi na Liban hatukuwa na herufi ya kutuunganisha. Mkuu wa Meza mwenyewe hakujua. Hatukuwa watu wa kuulizana habari za nyumbani. Ningenyamaza, ningekaa kwenye kile kiti msimu mzima na hakuna ambaye angeuliza. Siku nzima nililigeuza wazo hilo huku na huku. Nilipika ugali ukaungua, na mimi siunguzi ugali.

Kesho yake nilipanda basi mpaka Great Barr. Mkuu wa Meza alinifungulia akiwa na ndara, akaweka birika.

"Liban ni mwanangu," nilimwambia kabla maji hayajachemka.

Akatafuta miwani, akaitazama orodha ya timu. "Majina hayafanani."

"Nyuso zinafanana. Na hata zisingefanana, ni wangu."

Aliivua miwani. "Unajua nimengoja miaka mingapi kukuona kwenye meza ile?" aliuliza. "Huyu kijana angeweza kwenda klabu nyingine. Mwombe."

"Nimwombe akayamalizie magoti yake ugenini?"

Akaimimina chai. Yeye ndiye aliyenifinyanga, na kumvunja moyo kulikuwa kugumu kuliko kukiacha kiti. Mwishowe akasema, "Basi staafu vizuri. Nunua tiketi, ukae na watu, upige makofi mpaka viganja viwake." Ndivyo nilivyostaafu, ndugu zangu, bila keki wala hotuba.

Usiku wa kwanza wa Ulaya nilikwenda na jirani yangu, Mama Furaha. Ni Mkongomani wa Bukavu, muimbaji wa kwaya, mama mwenye sauti ya kuamsha mtaa, na hajui mpira wa kikapu ni wa mviringo au wa pembe nne. Anamjua Liban tu, maana alimlisha sana nilipokuwa kwenye meza zangu. Tulikaa upande wa pili, tukiikabili meza. Kiti changu nilikiona. Kulikuwa na binti mmoja amekaa, mgongo wima, na nikamwombea kheri.

Liban aliingia robo ya pili. Muda si muda mpira ukaruka, ukagonga pete, ukadunda juu, ukatumbukia. Ukumbi ukalipuka. Mimi nikageuka mara moja kuitazama saa ya mashambulizi kama imerudishwa sawasawa. Ilikuwa sawa. Nikashusha pumzi.

Mama Furaha alikuwa amesimama, ananivuta ushungi. "Mama Liban! Angalia mutoto! Iko anakutafuta na macho!"

"Wapi?"

"Pale! Aaa, ameisha kwenda. Mon Dieu, wewe ulikuwa unaangalia nini kule juu? Plafond?" Alimaanisha dari.

Kumbe ni Liban aliyefunga. Kikapu chake cha kwanza katika mashindano makubwa ya Ulaya, mbele ya mji wake. Amegeuka kumtafuta mama yake kwenye viti, na mama yake anakagua saa. Wahenga walisema macho hayana pazia; yangu yalikuwa nalo, tena nililishona mwenyewe kwa miaka mingi.

Kwenye gari, tukirudi na Liban, sikumficha. Aliniuliza, "Hooyo, uliniona nikiku-look?" nikamwambia ukweli, kwamba niliiona pete. Alicheka, akangoja taa za barabarani zibadilike.

"It's okay," alisema. "Hata nikiwa nine nilikuwa nakuangalia pale mezani. Nilijua you're working."

"Na mimi nilikuwa naangalia juu."

"Always, Hooyo."

Hakusema kwa kulalamika. Afadhali angelalamika. Nililala nikiwa nimeelewa kwamba nimebakiwa na msimu mmoja, nao tayari umeanza kupungua, na macho yangu hayanitii.

Mama Furaha ndiye aliyekuwa mwalimu wangu wa mwisho katika kazi hii, na hakuna kamishna aliyewahi kuwa mkali kama yeye. Kila mchezo wa nyumbani alikaa kulia kwangu, na kila kidevu changu kilipoinuka alinifinya mkono. Nilirudi nyumbani nina alama kama niliyeumwa na siafu.

"Ile chuma njo ulizala?" alikuwa akininong'oneza, na mnong'ono wake husikika viti vitano. "Wewe ulizala mutoto. Angalia mutoto."

Kidogo kidogo nikaanza kuona. Niliona kwamba Liban huongea mchezo mzima, akiwapanga wenzake kama mama anayepanga wageni. Niliona akimwinua adui aliyeanguka kabla hajamwinua wa kwao. Niliona anavyougusa mgongo wa kijana aliyekosa, kiganja tu, bila kumtazama, ili asimwaibishe. Na niliona anachokifanya hasa. Yeye ni mtu wa skrini: anasimama kama ukuta njiani, mlinzi anamgonga yeye kifuani, na mwenzake aliyekuwa akikabwa anabaki huru kurusha. Pointi zinaandikwa kwa aliyerusha. Kwa aliyegongwa hakuna kinachoandikwa, na msaidizi wa karani hana cha kutamka.

Nilipolielewa hilo nililia palepale kwenye kiti. Mama Furaha akadhani tumefungwa, akaanza kunifariji kwa zaburi. Nikamwambia hapana, tunaongoza. Nalia kwa sababu mwanangu ni mzuri. Ni mzuri sana, na mimi nilikuwa nikimwonea huruma.

Lakini kulikuwa na jambo moja nililoshindwa. Mpira ukishakuwa hewani, shingo yangu iliinuka. Nilimtazama Liban vizuri kabisa mpaka mtu arushe, na hapo nilimwacha nikaenda na mpira. Finyo la Mama Furaha halikufaa kitu. Mtu anaposubiri mpira ushuke ndipo uso wake unapokuwa wazi, hana cha kujificha nyuma yake, na uso huo wa mwanangu sikuupata hata mara moja. Majira ya baridi yakaisha. Machi ikaja, nasi tukawa na mchezo mmoja wa nyumbani: tukishinda tunaendelea, tukishindwa Ulaya imekwisha, na Liban amekwisha nayo.

Wageni walikuwa Wagiriki, watu wazima, wajanja, wasio na haraka. Tulivutana nao jioni yote. Mwisho kabisa tulikuwa nyuma kwa pointi moja, na mpira ni wetu. Nawajua makocha, nilijua watacheza skrini. Liban akapanda, akasimama. Mlinzi wao mmoja, jitu hasa, akamjia kwa mbio zote, akamgonga kifuani, na mwanangu akaanguka chali. Mwenzake akabaki huru. Akarusha.

Shingo yangu ilianza kuondoka. Niliihisi. Watu wote walikuwa wameinuka, maelfu ya nyuso zimeelekea pete, na nadhani hata Mama Furaha alikuwa akiangalia juu, maana hakunifinya. Mimi nikabaki chini, kwa Liban. Alikuwa amejiinua kwa kiwiko kimoja, mdomo wazi, anautazama mpira. Alikuwa na uso uleule wa mtoto anayetazama keki ikikatwa akijiuliza kama kipande chake kipo. Nilimwona akiomba. Nilimwona akitumaini kwa mwili wake wote, mtu mzima mwenye mvi mbili kidevuni. Nikampenda pale mpaka nikaogopa.

Honi ikalia, ukumbi ukapasuka. Mpira ulikuwa umeingia. Lakini waamuzi walikuwa wamekimbilia kwenye runinga yao ndogo pale mezani, kuangalia kama ulitoka mkononi kabla au baada ya taa nyekundu za ubao kuwaka. Ukitoka baada, si kitu.

Safu yetu nzima ikanigeukia. Walishanijua kuwa ndiye mama wa saa. Kijana mmoja wa Nairobi aliniinamia. "Auntie, wewe ni expert. Hiyo ni basket ama tumechezwa?"

Na Liban naye, bado yuko sakafuni, akageuza kichwa, akanitafuta, akanipata. Tangu utoto wake, kukitokea ubishi wa namna hii aliniuliza mimi, maana mimi huwa najua. Akainua nyusi: Hooyo, imehesabika?

Nikafungua viganja vyote viwili. Sijui.

Alinikazia macho kana kwamba nimemjibu kwa Kigiriki. Mimi, nisijue? Halafu nikaona inamwingia, taratibu, kuanzia machoni kushuka. Kama sikuiona taa wala mpira, basi kulikuwa na kitu kimoja tu nilichokuwa nakitazama. Akaangusha kichwa sakafuni, akafunika uso kwa mkono, mabega yakawa yanatikisika. Daktari wa timu alimkimbilia akidhani ameumia. Alikuwa anacheka, na anafuta macho, na anacheka.

Haikuhesabika. Ilichelewa kwa kitambo kifupi kuliko kupepesa kope. Binti wa saa alifanya kazi yake sawasawa na waamuzi pia, na Ulaya ikatuishia palepale.

Siku hizi Alhamisi nakuja kuwafundisha hapo Lozells, na nawafunika mikono mnapopiga makofi. Macho kwenye pete. Kazi ni kazi, na meza ikiyumba mchezo wote unaharibika. Sijutii miaka yangu. Niliipenda ile pete. Lakini siku damu yako ikiingia uwanjani, usingoje sheria wala usitafute majina yaliyotofautiana. Inuka.

Jioni ile ya Wagiriki Liban alituendesha kurudi. Tulimshusha Mama Furaha, sauti imemkauka. Tulipobaki wawili akazima redio.

"So hukuona taa," alisema.

"Sikuona."

"Na mpira?"

"Nimesikia tu kwamba uliingia."

Akaendesha kidogo. "Then uliona nini, Hooyo? Niambie."

Nikamwambia. Nilianza na alivyopanda kuweka skrini, na alivyowahi kumwelekeza mwenzake kwa kidole kabla hajagongwa. Nikamwambia alivyoanguka, ni kiwiko gani alichojiinulia, alivyoshika pumzi. Tulifika nyumbani, akasimamisha gari, akazima injini, lakini hakufungua mlango. Mwanangu mwenye miaka thelathini na ushee aliegemeza kichwa kwenye kiti, akafumba macho kama mtoto anayesomewa hadithi, akasema, "Endelea."